Watson Hakufika Unguja

Maji yalipoanza kuingia ukumbini, nyumba nzima ilikuwa imeshughulika na swali moja: Daktari Watson amefikaje Unguja?

Mtaani kwetu Ng'ambo maji huja usiku, tena hayakai. Anayeyalalia hafui mpaka kesho kutwa. Kwa hiyo kila usiku mtu mmoja hupewa zamu ya mfereji: aufungulie, ajaze tangi la uani, mapipa ya jikoni na ndoo zote, kisha aufunge. Jumamosi ile zamu ilikuwa ya mdogo wangu wa mwisho. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa ameahidi kutusomea hadithi aliyoiandika mwenyewe wakati wa likizo. Kandili ikawekwa juu ya kimeza, Mama akaegemea mto wake, Ami akavaa miwani ingawa hakuwa na cha kusoma. Mdogo wangu akafungulia mfereji, akaja kusimama mlangoni asikilize kidogo, halafu arudi.

Hadithi ilikuwa ya mpelelezi Sherlock Holmes na mwenziwe Daktari Watson, na katika nyumba yetu hilo ni jambo zito kwa sababu ya Ami. Yeye ni mdogo wa marehemu baba yangu, na alisomesha Kiingereza katika skuli za Unguja na Pemba mpaka akastaafu. Holmes alimjia kwa njia ya mpelelezi wa kwetu, Bwana Msa. Akiwa kijana alisoma Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kilichoshinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoka mwaka 1960. Alimpenda Bwana Msa na kiko chake, akampenda na Najum anayemfuata na kustaajabu kwa niaba yetu sote. Ndipo mwalimu wake mmoja akamwambia kwamba watu wawili hao wana ndugu zao London. Ami akaanza kuwatafuta. Arthur Conan Doyle aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Holmes, kati ya 1887 na 1927, na Ami alizipata zote, kitabu kimoja kimoja, kwa wenzake waliosafiri na kwa wauza vitabu vikuukuu.

Hizo 60 ndizo wapenzi wa Holmes wanazoziita kanuni. Mwaka 1911 Mwingereza Ronald Knox, aliyekuja kuwa kasisi, aliandika insha iliyozipekua hadithi hizo kwa njia ile ile wanavyuoni wanavyopekua maandiko matakatifu: lipi limetangulia, lipi linapingana na lipi, lipi lina shaka. Tangu hapo watu wamekuwa wakizisoma hivyo, na Ami ni mmoja wao. Mwandishi mwingine yeyote akitunga jipya juu ya Holmes, swali lake la kwanza huwa kama lile jipya linakaa pamoja na yale 60 bila kuyavunja.

Basi mpwa wangu akasoma. Meli inatia nanga mbele ya Beit el-Ajaib, jua linachwea, na ngazini wanashuka Wazungu wawili, mmoja mrefu mwembamba mwenye pua ya kipanga, mwingine mnene kidogo anayechechemea.

"Mwaka gani huo?" Ami akauliza.

"Elfu moja mia nane tisini na tatu, Babu."

"Basi huyo anayechechemea mrudishe melini. Watson hayupo."

Binti alikuwa amechagua mwaka ule kwa makusudi, na chaguo lake lilikuwa zuri. Katika hadithi ya "The Final Problem", iliyochapishwa Desemba 1893, Holmes anapambana na Profesa Moriarty ukingoni mwa maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi, tarehe 4 Mei 1891, na wote wawili wanahesabiwa kuwa wamekufa. Conan Doyle alikuwa amemchoka. Wasomaji hawakuchoka, wakalalamika miaka na miaka, na mwaka 1903 akamrudisha katika "The Empty House". Humo Holmes anamsimulia rafiki yake alikokuwa tangu 1891 mpaka masika ya 1894: amekaa Tibet miaka miwili, amepita Uajemi, amechungulia Makka, amemzuru Khalifa Khartoum, kisha amekaa miezi kadhaa Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Sentensi chache tu, safari ya miaka mitatu. Mpwa wangu alipofika kwenye jina la Makka alikiweka kitabu chini. Kutoka Makka hadi Unguja, kwa watu wa pwani, ni pua na mdomo. Mwanya ulikuwa wazi na mwenyewe Conan Doyle hakuutumia.

Tatizo ni kwamba katika miaka ile yote mitatu Watson aliamini rafiki yake kafa. Alimlilia, akaandika habari za kifo chake. Siku Holmes aliposimama mbele yake London, yule daktari aliyepona vita vya Afghanistan alizimia, na mwenyewe anasema hajapata kuzimia kabla ya hapo wala baada yake.

"Ukimleta Watson Unguja mwaka 1893," Ami akasema, "umemnyang'anya kuzimia kwake. Atazimia kwa lipi Aprili, na hali Septemba walikuwa pamoja Forodhani?"

Dada yangu akamtetea mwanawe. Hadithi ni ya kubuni, Holmes ni wa kubuni, na mtoto akitaka Watson aje, aje. Mumewe akaunga mkono. Mdogo wangu, pale mlangoni, akasema bila Watson hakuna hadithi, kwani nani atasimulia? Hilo ndilo lililomuuma zaidi mpwa wangu, kwa sababu alikuwa ameandika yote kwa ulimi wa Watson. Kumtoa kulikuwa sawa na kuichana.

Mama alikuwa kimya. Halafu akasema, "Nyinyi wadogo mlikuwa mkinilazimisha nikutoleeni hadithi za Abunuwasi. Siku moja nimechoka, nikasema Sultani kamhadaa Abunuwasi, hadithi imekwisha. Mnakumbuka mlivyolia?"

Nakumbuka vizuri. Tulimkubalia Mama kumpeleka Abunuwasi popote, Baghdad, Maskati, hata Mkunazini. Tulimkubalia kumpa punda, jirani mpya, deni jipya. Ila kwamba Abunuwasi kahadaiwa na Sultani na mambo yakaishia hapo, tulijua si yeye, ni mtu mwingine aliyevishwa jina lake. Hakuna aliyetufundisha kanuni hiyo. Tulikuwa tumekaa na Abunuwasi kila usiku, tukamjua.

Hapo ndipo wifi yangu alipoinua mguu na kusema mkeka umerowa.

Tangi la uani lilikuwa limejaa zamani. Maji yalikuwa yamefurika, yakajaza ua, yakakuta mfereji wa maji machafu umezibwa na majani ya mwembe, yakageuka kutafuta njia ya ndani. Njia ya kwanza yaliyoipata ni mlango wa chumba cha Ami, na chini ya kitanda cha Ami, ndani ya boksi la karatasi, vilikuwamo vitabu vyake vitano vya hadithi fupi. Riwaya zile 4 zilikuwa juu ya kabati, zikasalimika. Hadithi zote 56 zilikuwa majini.

Mdogo wangu alikimbilia mfereji, sisi tukashika madekio na vikopo na kila kitu kinachoteka maji. Ami aliingia chumbani na kandili, akapiga magoti, akalivuta boksi. Chini likafumuka. Hakumkaripia mtu. Alivibeba kimoja kimoja mpaka barazani, akaomba kanga kavu.

Asubuhi ikadhihirika kwamba gundi ya migongo ilikuwa imeyeyuka. Vilikuwa vitabu vya bei rahisi, vya zamani, vya kampuni moja, ukubwa mmoja, na kila karatasi ikaachana na mwenziwe. Tukafunga kamba uani, tukazibana kwa vibanio vya nguo, zilizobaki tukazitandaza juu ya majamvi. Ulikuwa msimu wa kusi. Mpaka saa nne upepo ulikuwa umeamka, ukazing'oa zile za majamvini, ukazirusha mpaka kwa jirani. Mbuzi wake alikula tatu kabla hatujamfikia. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa amekula sehemu ya mwisho ya "The Speckled Band", ile ya nyoka anayeshuka kwa kamba ya kengele.

Adhuhuri tulikuwa na mlima mmoja wa karatasi zilizokunjamana. Juu ya kila ukurasa palikuwa na namba tu, hapana jina la hadithi. Kulikuwa na kurasa za 43 tano, kurasa za 44 tano, na kuendelea. Ndipo Ami akaketi katikati ya jamvi akatugawia kazi, na kwa mara ya kwanza nyumba yetu nzima, hata wale wasiowahi kumaliza hadithi moja ya Holmes, ikaingia ndani ya kanuni kwa mikono.

Alitufundisha maswali. Watson anakaa wapi, Baker Street na Holmes, au kwake na mkewe? Holmes anataja Reichenbach kama jambo lililopita? Kuna simu mezani, au ni telegramu tupu? Mwenye ukurasa alisoma kwa sauti, au kama Kiingereza kilimshinda alimpa mpwa wangu atafsiri, na Ami akasikiliza macho yamefumbwa. Tumbaku imehifadhiwa ndani ya ncha ya kiatu cha Kiajemi, barua zisizojibiwa zimechomwa kwa kisu kwenye ubao wa mahali pa moto, na ukutani Holmes ameandika herufi za Malkia Victoria kwa risasi: "Hiyo ni 'The Musgrave Ritual', kitabu cha pili." Ngazi za kupandia chumbani ni 17: "'A Scandal in Bohemia', kitabu cha kwanza, mwanzoni." Mke wa Watson anamwita mumewe James, na hali jina lake ni John. Shemeji yangu akadhani amekosea kusoma. Ami akacheka kwa furaha kubwa. Conan Doyle alijisahau katika "The Man with the Twisted Lip" mwaka 1891, na mwandishi Dorothy Sayers akaja kumtetea bibi yule, kwamba herufi H iliyo katikati ya jina la Watson ni Hamish, ambalo kwa watu wa Scotland ni James. Na jeraha la vita vya Maiwand je? Katika riwaya ya kwanza risasi ilimpiga Watson begani, katika ya pili inamuuma mguuni.

"Kwa hiyo hata mwenyewe alikosea," dada yangu akasema. "Sasa unambana mwanangu kwa nini?"

Swali lake lilikuwa la haki, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Conan Doyle hakuwa mlinzi mkali wa kiumbe chake. Mwigizaji wa Kimarekani William Gillette, alipokuwa akitayarisha tamthilia ya Holmes iliyoonyeshwa mwaka 1899, aliomba ruhusa ya kumwoza, na mwandishi akamwachia afanye atakavyo. Wanaolinda ni wasomaji. Mwandishi aliishi na Holmes alipokuwa akimwandika, kisha akaenda kwenye mambo mengine. Msomaji anabaki naye. Anamsoma akiwa na homa, anamsoma mabomu ya vita yakianguka mjini kwake, anamsoma mumewe akiwa safarini, na kila akirudi, kiatu cha Kiajemi kipo palepale na ngazi ni zilezile 17. Hata kosa la bega na mguu analipenda, kwa kuwa ni lake, amelifikiria, amelitafutia udhuru. Mtu anapokuja na hadithi mpya iliyoshika vitu hivi vidogo, msomaji anaona kwamba huyu naye alikuwamo chumbani mle. Imani hiyo ikishapatikana, atamfuata mtunzi popote, hata kisiwani kwetu.

Kuna njia nyingine, nayo ni ya heshima. Muhammed Said Abdulla aliyajua mambo ya Holmes, akachukua umbo la mpelelezi na mwenziwe, akamzaa mtu wake mwenyewe, Mwunguja, mwenye lugha na mitaa na watu wake. Bwana Msa hadaiwi chochote na Baker Street. Lakini anayesema kwamba huyu ni Holmes, jina lile lile, amechukua pamoja na jina mapenzi yote ambayo watu wengine wameyaweka ndani yake tangu 1887. Nadhani ni haki wadai, na ni haki alipe.

Kazi ya kurasa iliendelea mpaka jioni. Shangazi alipita kutusalimia akazuiwa, akapewa kurasa za 100. Mdogo wangu alifanya kazi kuliko sote, wala hakuna aliyelazimika kumwambia. Yeye ndiye aliyeshika karatasi mbili zilizokaribia kufanana neno kwa neno, Holmes anayasoma mawazo ya Watson kwa kumwangalia macho yanavyotembea ukutani, akatangaza kwamba tuna nakala mara mbili. Ami akamwambia azitazame tena. Conan Doyle alipoiondoa "The Cardboard Box" katika kitabu chake cha pili, hakutaka kuipoteza sehemu ile, akaihamishia "The Resident Patient". Hadithi iliyoondolewa ikaja kurudishwa katika kitabu kingine, na ndiyo sababu matoleo mengine yana tukio lile lile pahali pawili. Mdogo wangu alizishika karatasi zile kwa muda mrefu, kila moja mkono wake.

Zile zilizoliwa na mbuzi Ami aliziandika upya kwa penseli, kwa kichwa. Nilimtazama akiandika. Penye maneno aliyoyakumbuka aliyaweka, penye asiyoyakumbuka aliacha nafasi tupu, hakujaza kwa kubuni. Nikamwambia hakuna atakayejua. Akasema, "Mimi nitajua, mwanangu."

Karibu na magharibi mpwa wangu akatoa sauti. Alikuwa na ukurasa ambao haukukubali kukaa popote. Msimulizi anasema mimi, lakini si Watson. Analalamika kwamba Watson amemwacha akaoa. Binti akarudia kusoma, taratibu, kisha akamtazama babu yake.

"Anayesema ni Holmes mwenyewe."

"'The Blanched Soldier', mwaka 1926," Ami akajibu. "Iko na nyingine ya mwaka ule ule, 'The Lion's Mane', kashastaafu, anafuga nyuki Sussex. Mbili hizo kasimulia kwa ulimi wake."

Ami hakusema zaidi, aliendelea kupanga. Mpwa wangu alikaa na ule ukurasa mkononi. Sisi wengine tulichelewa kumwelewa. Jana yake tulimwambia kwamba Watson haruhusiwi, na bila Watson hakuna wa kusimulia, ukawa mlango umefungwa. Sasa kanuni ileile iliyomfungia ilikuwa imempa ufunguo: Holmes anaweza kusimulia mwenyewe, amekwisha kufanya hivyo mara mbili, na muumba wake ndiye aliyemruhusu. Aliinuka akaenda kutafuta daftari.

Wiki iliyofuata alisoma upya. Tuliketi palepale, ila safari hii hadithi ilikuwa imebadilika damu. Watson wa kwanza alikuwa akituonyesha Unguja kama mgeni yeyote, karafuu na ukoka na minara. Holmes akiwa peke yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Amejificha, hana jina lake, hana wa kumwambia "unaona?" Anatambua kwa matope ya kwenye ndala kwamba mchukuzi mmoja ametoka Bububu asubuhi ile, na anageuka kumweleza mtu ambaye hayupo. Mpwa wangu aliliandika hilo kwa sentensi moja fupi. Ami akavua miwani akaipangusa. Watson hakufika Unguja, na kila ukurasa ulijaa Watson.

Nasema hivi kwa yakini: ungemleta Watson kwa nguvu, kwa uhuru wote ambao dada yangu alimtakia mwanawe, usingempata kiasi hicho.

Kisha maswali yakaanza. Mama ni mjukuu wa nahodha, na ana kanuni zake.

"Umesema kaja kwa jahazi kutoka Jedda mwezi wa Septemba. Septemba bado kusi. Jahazi gani linalokuja huku kwa kusi? Mngoje mpaka Disemba, kaskazi ianze."

Ami akahesabu kwa vidole. Mei 1891 anatoweka, miaka miwili Tibet, tumefika katikati ya 1893. Bado Uajemi, bado Makka, bado Khartoum, bado miezi ya Montpellier, na Aprili 1894 lazima awe London. Akingoja kaskazi, Ufaransa hafiki.

"Basi jahazi halimfai," Mama akasema.

"Meli," mdogo wangu akasema. "Jedda mpaka Aden, Aden mpaka hapa."

Meli za barua za British India zilikuwa zikija Unguja tangu miaka ya 1870, na meli haingoji kaskazi. Mpwa wangu akafuta jahazi akaandika meli. Akafuta na Sayyid Barghash, aliyekuwa amemweka barazani, kwa kuwa Mama alimkumbusha kwamba Barghash alifariki 1888. Mwaka 1893, tangu Machi, aliyekuwa kwenye kiti ni Sayyid Hamad bin Thuwaini. Kila alichokifuta kilimfurahisha. Niliona wazi kwamba hadithi ilikuwa ikisogea karibu na kitu ambacho kingeweza kuwa kweli, upande wa London na upande wa Unguja pia, na sisi sote tulikuwa tukiisukuma pamoja.

Ami alikuwa na lake la mwisho. Jina alilojipa Holmes safarini ni Sigerson, Mnorwei, na Makka haingii asiye Mwislamu. Richard Burton aliingia 1853, lakini alijigeuza Mpathani, akajifunza kila sala na kila adabu, miaka michache kabla ya yeye naye kuja Unguja kutafuta njia ya maziwa.

"Burton ni Burton," Mama akasema. "Mimi nauliza huyu wako. Kaingiaje?"

"Hilo liko sura ya pili, Bibi."

"Basi isome."